Nukta, Ruwaza na Rangi ya Ngozi: Uhakiki wa Pichadithi Moja ya Nakuru

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili tumezoea kuzigawa kazi za sanaa ya lugha katika riwaya, tamthilia, ushairi na hadithi fupi, na kila kisichoingia katika vyumba hivi vinne tumekiacha uani. Hadithi za picha zimekaa uani miaka mingi. Watu wamezisoma kwenye magazeti, wamecheka, wamefungia maandazi kwa kurasa zake, na mhakiki hakuona sababu ya kuinama kuziokota. Makala haya yanakusudia kuiingiza moja ndani ya nyumba na kuitazama kwa jicho lile lile tunalolitumia kutazamia riwaya. Kazi yenyewe ni mswada wa kurasa 48 uliochorwa mjini Nakuru kwa mtindo wa anime, yaani ule mtindo wa Kijapani wa macho makubwa na mistari myembamba ya wino, na kujazwa vivuli kwa skrintoni za kompyuta. Aliyeuchora ni msichana ambaye ameniomba nisilitaje jina lake kabla kazi haijapata mchapishaji. Mswada nao haujapewa jina.

Kuna jambo moja la msamiati ambalo siwezi kulipita. Wajapani huziita hadithi zao za picha *manga*, na neno hilo kwa sikio la Mswahili si geni hata kidogo. Manga kwetu ni Uarabuni, hususa pande za Maskati. Wamanga walikuja na majahazi, na mpaka leo pilipili manga imo jikoni mwetu. Maneno haya mawili hayana nasaba yoyote. Ni sadfa ya sauti tu. Hata hivyo ni sadfa inayomfaa mhakiki, kwani lugha yetu ina desturi ya zamani ya kukipokea kilichovuka bahari, kukipa ngeli, na kukipika pamoja na vya nyumbani. Mimi nitatumia neno *pichadithi*. Marehemu Terry Hirst, aliyeanzisha gazeti la *Joe* jijini Nairobi mwaka 1973 pamoja na Hilary Ng'weno, alilitumia kuwa jina la mfululizo wake wa miaka ya 1980 uliochora ngano za Kenya, ikiwemo ile ya Lwanda Magere. Ni neno zuri, na halistahili kufa pamoja na mfululizo huo.

Wapo watakaosema kwamba kijana wa Bonde la Ufa anayechora kama Mjapani ameikana jadi yake. Hoja hii tumeisikia. Ilipotoka *Kichomi* ya Kezilahabi mwaka 1974, wako walioambiana kwamba shairi lisilo na vina si shairi la Kiswahili, na mabishano yakaendelea miaka mingi kwenye majarida na makongamano. Sikusudii kuyafufua. Natosheka kusema kwamba swali la asili ya umbo ni swali la uvivu endapo halifuatwi na swali jingine, nalo ni hili: umbo hilo, likishafika hapa, linamfanya msanii aseme nini ambacho hakukusudia kukisema? Mswada huu una jibu, na si jibu la kufurahisha mahali pote.

Kwanza tueleze zana. Mashine ya kupiga chapa kwa wino mweusi haina kijivu. Ina nyeusi na ina nyeupe ya karatasi. Kijivu hupatikana kwa hila: nukta ndogo nyeusi zikipangwa kwa mistari iliyo sawa, jicho huzichanganya na weupe unaozizunguka. Mpiga chapa Mmarekani Benjamin Day aliipa hila hii jina lake mwaka 1879, na katika karne ya 20 makampuni kama Letraset ya Uingereza yakauza karatasi nyembamba za plastiki zenye nukta tayari na gundi upande wa chini. Mchoraji aliibandika juu ya mchoro, akaikata kwa wembe kufuata ukingo wa nguo au kivuli, akabandua iliyozidi. Wajapani waliichukua zana hii na kuifanya mlango mzima wa sanaa yao. Walikwaruza nukta kwa ncha ya kisu ili wapate mwanga, ukungu, machozi. Leo karatasi hiyo ni programu. Mchoraji huchora mistari kwenye tabaka moja, kisha juu yake huweka tabaka la nukta na kuchagua mambo mawili: idadi ya mistari ya nukta katika inchi moja, ambayo aghalabu ni 60, na uzito wake kwa asilimia, yaani 10 kwa kivuli chepesi, 30, 50 na kuendelea. Kilichogharimu fedha kwa kila karatasi sasa hurudiwa mara elfu bila gharama, hata kwenye simu. Ndiyo sababu msichana asiyekuwa na meza ya kuchorea ameweza kuchora kurasa 48.

Kisa chake ni chepesi kukisimulia. Bibi mmoja na mjukuu wake wanaishi Nakuru, upande wa mtaa wa Mwariki unaopakana na ziwa. Ziwa linapanda. Hapa msanii hakubuni: tangu miaka ya 2010 maji ya Ziwa Nakuru, kama ya maziwa mengine ya Bonde la Ufa, yalipanda mfululizo hata lango kuu la zamani la mbuga likamezwa, na jamaa za kando ya ziwa zikahama. Katika hadithi, mjomba anakuja kutoka Nairobi kumshawishi mama yake auze kilichobaki cha shamba, afisa anakuja na futi ya kupimia, bibi anakataa, maji hayamsubiri yeyote. Usiku mmoja wanahamisha vyombo kwa mkokoteni. Hakuna shujaa mwenye upanga wala pepo wa kutoka kreta ya Menengai, ingawa Menengai inaonekana nyuma katika kurasa tatu, na mpenzi wa anime huenda akasikitika kwamba hakuna kinachotoka humo.

Uwezo wa mchoraji katika usimulizi unaonekana mapema. Ukurasa wa sita una visanduku vinne vya ukubwa mmoja, kamera (tukiruhusiwa kuazima neno la filamu) haisogei: ni mti wa mgunga na kamba ya kuanikia nguo. Kisanduku baada ya kisanduku maji yanakaribia shina. Katika cha nne mjukuu anauliza kutoka nje ya picha, "Shosho, maji yamefika wapi?" Na jibu: "Yamefika nilipozikia kitovu cha mama yako." Hapana uso wowote katika ukurasa huo. Mwandishi wa riwaya angehitaji aya mbili kulisema jambo hilo, na pengine angeliharibu kwa kulieleza.

Sasa tuingie katika ruwaza, mahali ambapo kazi hii inafundisha zaidi. Programu aliyoitumia humpa mchoraji maktaba ya ruwaza za kujazia: unagusa eneo lililofungwa na mistari, nalo linajaa papo hapo. Katika maktaba hiyo kuna maua ya mcheri, kuna vitambaa vya sare za shule za Kijapani, kuna kuta za matofali. Hakuna mabati, na hakuna kitenge wala ususi wa kiondo. Kurasa tano za mwanzo zinaonyesha dhiki hiyo: mlango wa duka la Nakuru umefunikwa kwa pazia la maua ya nchi ambayo duka hilo halijapata kuisikia. Kisha mchoraji akaacha kuazima. Alipiga picha paa la mabati yaliyoliwa na kutu, akaigeuza kuwa nyeusi na nyeupe tupu, akakata kipande cha mraba ambacho ukingo wake wa kulia hukutana na wa kushoto bila mshono kuonekana, na tangu ukurasa wa saba Nakuru inaanza kuwa Nakuru. Alifanya vivyo hivyo kwa kitenge na kwa wavu wa kuku. Katika kuta za nyumba ya bibi ametumia alama ndogo za kubonyeza, safu juu ya safu, ambazo aliniambia alizitoa katika picha ya vyungu vya Nderit. Vyungu hivyo, vilivyopewa jina la mto ulio kusini mwa ziwa hilo hilo, vilifinyangwa na wafugaji wa kale wa Bonde la Ufa zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, nao walikuwa na desturi ya kuujaza uso mzima wa chungu kwa alama hata kisibaki kiasi cha ukucha. Sitaki kudai kwamba msichana wa leo amerithi mkono wa wafinyanzi hao; madai ya namna hiyo tumeyachoka. Nasema tu kwamba kuujaza uso kwa alama zinazojirudia ni kazi iliyofanywa kando ya ziwa hili kabla ya Japani kuwa na karatasi.

Ila ruwaza ina mpaka wake, na mpaka huo ni leso. Kitenge ni ruwaza kweli: hakina mwanzo wala mwisho, unakikata popote. Leso, au kanga, ina pindo, ina mji, na ina jina. Sehemu hizo tatu zina mahali pake, na jina ndilo kinywa cha nguo. Katika ukurasa wa tisa mchoraji alichukua mraba kutoka mji wa leso ya bibi na kuujazia vazi lote. Matokeo ni kitambaa kizuri kisichosema neno. Bibi amevaa leso bubu, na hata mikunjo haiioni, kwani ruwaza ya kujazia hukaa bapa kama karatasi ya ukutani hali mwili unapinda chini yake. Wajapani wameukubali ubapa huo kuwa mtindo, na kwa kitenge nami naukubali. Kwa leso hapana. Nadhani mchoraji mwenyewe aliligundua kosa, kwa maana katika ukurasa wa 31 ameichora leso ile ile kwa mkono, uzi kwa uzi. Bibi ameketi ametupa mgongo kwa msomaji. Pindo linafuata bega, na jina linapotea ndani ya mkunjo hata zinasomeka herufi tano tu: MAJI Y. Msomaji anayeijua lugha atamalizia methali mwenyewe, na afisa, aliye mbele ya bibi na si nyuma yake, hatapata kuisoma. Huu ni ufundi wa fasihi, na haukupatikana kwa kugusa kitufe.

Ningeweza kusema mengi pia juu ya heroe. Ziwa Nakuru lilipata sifa duniani kwa ndege hao, na maji yalipoongezeka na magadi kuzimuliwa, mwani wanaoula ulipungua, wengi wakahamia Bogoria na kwingineko. Mchoraji anawaonyesha mara mbili. Katika kumbukumbu za bibi wako maelfu, wote wamepigwa kwa muhuri mmoja wa kompyuta, na ukitazama sana utaona kwamba kila ndege ameinua mguu ule ule. Mwishoni yuko mmoja tu, amechorwa kwa kalamu, shingo imepinda vibaya kidogo. Sijui kama tofauti hiyo ilikusudiwa, wala sikumuuliza. Inafanya kazi.

Hatua hii inatufikisha kwenye jambo lililonifanya niandike. Katika manga weupe wa karatasi ndio ngozi. Mhusika wa kawaida haongezwi kitu usoni. Ni mstari wa taya, macho, na karatasi. Mwenye ngozi nyeusi ndiye hutiwa nukta: katika *Bleach* ya Tite Kubo (2001–2016), kwa mfano, Yoruichi hupewa kivuli cha nukta juu ya mwili hali wanaomzunguka ni karatasi tupu. Nchini Japani kanuni hii yaweza kutetewa kuwa ni alama ya kutofautisha wahusika wachache na wengi. Ikihamishiwa Nakuru, mahali ambapo kila mhusika ni Mwafrika, inazaa swali ambalo mchoraji hawezi kulikwepa: nani atiwe nukta?

Nimeuhesabu mswada wote. Mjukuu, ambaye ndiye mhusika mkuu, ni karatasi tupu. Mjomba wa Nairobi na binti yake ni karatasi tupu. Afisa vile vile. Bibi ana nukta za asilimia 40. Msukuma mkokoteni ana asilimia 50, na wavuvi wawili wanaopita katika ukurasa wa 22 wana kiasi hicho hicho. Yaani kadiri mtu anavyokuwa maskini, mzee, au karibu na maji, ndivyo nukta zinavyomzidi. Na kadiri anavyokuwa msomi au wa mjini, ndivyo anavyobaki mweupe pe. Mchoraji hakukusudia kusema hivyo. Nilipomwonyesha hesabu yangu alinyamaza kwa muda, kisha akatoa sababu yake: bibi yake wa kweli ni mweusi kweli, na uso wa mhusika mkuu hauna budi kuonekana vizuri.

Sababu hiyo nusu yake ni kweli, na nusu hiyo ni ya ufundi. Msamiati wa hisia katika manga umeandikwa juu ya karatasi tupu: mistari midogo chini ya macho kwa haya, tone la jasho kando ya paji, kivuli kinachoshuka usoni kwa hofu. Tandika asilimia 40 ya nukta, na alama hizo zote huzama. Nimehesabu na hilo: mjukuu ana sura kumi na moja tofauti katika kurasa 48, bibi, mwenye maumivu makubwa kuliko wote, ana mbili katika kurasa zenye nukta. Mwenye hadithi amenyimwa uso wa kuisimulia.

Lakini nusu ya pili si kweli. Lugha yetu haijui mgawanyo wa watu wenye rangi na watu wasio na rangi. Tunasema huyu mweusi, huyu maji ya kunde, huyu mweupe, na wote watatu huenda ni ndugu wa tumbo moja. Kila neno hupata maana yake kwa kulinganishwa na jirani. Hakuna sifuri. Programu ina sifuri, na aliyewekwa penye sifuri anakuwa ndiye binadamu, wengine ni nyongeza yake. Wachoraji wengi wa katuni za magazetini mwetu waliliepuka tatizo kwa kuacha nyuso zote nyeupe na kuziachia pua, midomo na nywele kazi ya kutambulisha; njia hiyo ina udhaifu wake, ila ina usawa. *Shujaaz*, lililoanza kusambazwa Kenya mwaka 2010 kwa lugha ya Sheng, lina rangi kamili, kwa hiyo mtego huu haulihusu. Unamhusu yule anayechora kwa wino mmoja kwa sababu hana fedha za rangi nne.

Na mtego una meno makali zaidi ya haya. Mswada ulipokamilika mchoraji aliupeleka kutolewa fotokopi nakala ishirini ili awauzie wenzake. Mashine ya fotokopi haina subira na nukta. Zile nyepesi za asilimia 10 ilizifuta kabisa, zile za asilimia 40 na 50 ikaziunganisha. Katika nakala niliyonunua, mjukuu ni yule yule, anapendeza; uso wa bibi umekuwa doa jeusi lenye macho mawili. Msukuma mkokoteni hana hata macho. Aliyesoma kwenye simu hakuwa na bahati zaidi, kwa maana kurasa zilipopunguzwa ukubwa, mistari ya nukta iligongana na ile ya kioo cha simu na kuzaa mawimbi yale ambayo wapiga chapa huyaita moare, kama mng'ao wa hariri. Mawimbi yalikuja pale tu penye nukta. Kwa hiyo yalikuja juu ya bibi.

Tiba za kiufundi zipo na si ngumu. Kwa fotokopi mistari 60 kwa inchi ni mingi mno. 30 au 40 ingestahimili. Picha ya simu itayarishwe upya kwa kijivu halisi badala ya kupunguza ile ya nukta. Nukta zisipandishwe juu ya nukta. Haya mchoraji ameyajua sasa kwa uchungu wa nakala ishirini. Ila hayo yataiponya nakala tu. Hesabu ya nani ana nukta na nani hana itabaki pale pale.

Dawa ya hesabu hiyo imo katika mswada wenyewe, kurasa 41 hadi 46, ambazo kwangu ndizo bora kupita zote. Ni usiku wa kuhama, na umeme umekatika. Mchoraji ameujaza ukurasa mzima wino, nyeusi ti, bila nukta hata moja, kisha akachora kwa kukwaruza: mistari myeupe inatoka gizani pale tu ambapo mwanga wa tochi ya simu unagusa. Ngozi nyeusi hung'aa kwenye paji, kwenye mfupa wa shavu, kwenye ukingo wa pua, na mng'ao huo ndio umekuwa mchoro. Bibi, mjukuu na msukuma mkokoteni wametoka katika wino mmoja. Katika kurasa sita hizi bibi anapata sura nne mpya, na moja kati yake, anapogundua kwamba mjukuu amebeba jiwe la meko badala ya televisheni, ni kicheko.

Humo pia lugha inapata nafasi yake. Kurasa za mwanzo ziliandikwa tanakali za sauti kwa herufi za kompyuta, nazo zilikaa juu ya picha kama bango la duka. Usiku huu zimechorwa kwa mkono: *chubwi* ya mguu unaoingia majini, *kacha* ya mpini wa mkokoteni, kila moja ikiinama kufuata kitu kilichoitoa. Wajapani wana ada ya kuandika hata sauti ya kimya, nao huiandika *shiin*. Mchoraji hakulitafsiri neno hilo. Alikumbuka kwamba Kiswahili kinalo lake tangu zamani, la kimya kilichotulia ji.

Ameliandika katika ukurasa wa 46, mara moja, kwa herufi mbili nyeupe ndogo katika kona ya chini ya ukurasa mweusi mtupu, pale nyumba ilipokuwa.